Fukusi aliyejificha ndani ya gugu maji

Kama umekulia Mwanza, gugu maji unalijua: majani mazito, ua la zambarau. Miaka ya 1990 lilifunika ghuba mpaka mitumbwi ikakwama. Asili yake ni Amerika Kusini; ziwani liliingia pia kwa Mto Kagera.

Dawa ya sumu, kwenye maji tunayokunywa? Wataalamu wakachagua wadudu. Uganda ilianza 1995, Kenya na Tanzania zikafuata 1997, wakaachia aina mbili za fukusi wa jenasi Neochetina, kutoka kulekule Amerika Kusini.

Fukusi mzima ana kama milimita 5, anakwangua majani juu juu tu. Kazi yenyewe, kumbe, anaifanya mtoto. Jike hutaga ndani ya kikonyo kile kilichovimba kama puto. Buu akianguliwa anatoboa kushuka, hadi kitovuni majani yanakochipukia. Humwoni kabisa! Unachoona ni gugu linaloza, maji yakiingia kwenye njia alizochimba, mpaka linazama. Baadaye hujifunga kifukofuko kwenye mizizi, chini ya maji.

Gugu lilipungua sana. Wapo wanaosema eti ni El Nino ya 1997/98. Mimi nasema vyote viwili: gugu lililotobolewa hupasuliwa kirahisi na mawimbi.

Ila mbegu hukaa topeni miaka mingi. Na mwanzoni mwa 2025 vivuko vya Kigongo–Busisi vilisumbuliwa na gugu jingine, salvinia. Nalo lina fukusi wake, wa Brazil, na buu wake naye huishi ndani ya shina.