Chandarua cha Ute: Istilahi ya Usingizi wa Pono

Mtu asiyeamka hata akiitwa mara tatu huambiwa amelala usingizi wa pono. Waliotunga msemo huo walimjua samaki wao. Mchana kutwa pono yuko mwambani, akikwangua mwani juu ya matumbawe kwa meno yaliyoungana mfano wa mdomo wa kasuku. Jiwe analomeza pamoja na mwani husagwa kooni, likatoka kama mchanga mweupe. Jua likizama hujibanza katika ufa wa mwamba, na mpiga mbizi mwenye tochi anaweza kumsogelea asishtuke.

Baadhi ya aina za pono hujifunika kwanza. Tezi kubwa zilizo karibu na matamvua hutoa ute unaomzunguka mwili mzima, ukawa mfuko mwembamba mwangavu. Je, mfuko huu tuuiteje kwa Kiswahili?

Neno la kwanza, "ute", halina ubishi. "Kamasi" humkumbusha msomaji mafua, ilhali ute ni mpana zaidi: kuna ute wa yai na hata ute wa bamia.

Ugumu uko kwenye neno la pili. Wanasayansi wa nje waliazima jina la nyumba ya hariri ya kiwavi, nasi kwa kuwafuata tungesema "kifukofuko". Lakini kiwavi huingia kifukofukoni ili atoke nondo. Pono huingia pono, akatoka pono yule yule.

Basi tutazame kazi ya mfuko wenyewe. Zamani ilidhaniwa kwamba huficha harufu ya pono ili mkunga asimnuse. Mwaka 2010 watafiti wa Australia walieleza jaribio jingine: waliwaweka pono usiku pamoja na vimelea wadogo wanyonya damu, wa jamii moja na kaa na kamba. Kati ya pono walioondolewa ute, takribani asilimia 94 walishambuliwa; kati ya waliobaki nao, asilimia 10 tu. Mchana kuna samaki wadogo wanaowadonoa vimelea hao mwilini mwa wenzao, lakini usiku nao wamelala. Watafiti wenyewe waliufananisha mfuko huo na chandarua.

Mtu atapinga kwamba chandarua kina matundu na ute hauna. Ni kweli, ila istilahi nzuri si lazima ichore umbo. Yatosha ikionyesha kazi. Nani kwetu asiyejua kazi ya chandarua? Mwanafunzi wa Mafia au Lamu akisikia "chandarua cha ute" ataelewa nusu ya somo kabla mwalimu hajaandika ubaoni.

Kwa hiyo kifukofuko kibaki kwa nondo, na pono apewe chandarua chake. Tofauti na chetu, hakichomekwi wala hakikunjwi: asubuhi mwenyewe hutoka, akakiacha maji yakichukue.