Nguvu Iliyozuiwa: Kipimo cha Ustadi katika Karate ya Mashindano

Tarehe 7 Agosti 2021, katika ukumbi wa Nippon Budokan jijini Tokyo, Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa akiongoza kwa alama 4 dhidi ya 1 katika fainali ya Olimpiki ya wanaume wenye uzito unaozidi kilo 75. Teke lake la juu likampata Sajad Ganjzadeh wa Iran, ambaye alianguka, akazimia na kutolewa kwa machela. Waamuzi walimwondoa Hamedi kwa kosa la kugusa kwa nguvu iliyopita kiasi, na dhahabu ikaenda kwa aliyeangushwa. Saudi Arabia, ambayo haikuwa imewahi kupata dhahabu ya Olimpiki, ilimtuza Hamedi riyali milioni 5, sawa na zawadi ya mshindi. Watazamaji wengi waliona uamuzi huo ni kioja. Makala haya yanashikilia kinyume chake: uamuzi ule ulidhihirisha kile hasa ambacho mwanakarate hukisomea kwa miaka yote ya uchezaji wake. Kuzuia nguvu ndicho kipimo cha ustadi katika mchezo huu, na kipimo hicho kikiondolewa, kitakachobaki ni mchezo mwingine wenye jina lilelile.

Ushahidi wa kwanza umo katika kanuni za Shirikisho la Karate Duniani (WKF). Ngumi huleta alama 1, teke la kiwiliwili alama 2, na teke la kichwani alama 3. Kulenga shabaha peke yake hakutoshi. Pigo hupimwa kwa umbo lake, moyo wa kimichezo, msukumo wake, wakati wake, umbali wake na hali ya tahadhari anayobaki nayo mpigaji baada ya kupiga. Kwa watu wazima, mguso mwepesi wa kichwani unakubalika, lakini mguso unaoumiza huadhibiwa. Masharti haya yanatakiwa kutimizwa kwa mpigo mmoja: mkono utoke kwa kasi kamili, ufike mahali palipokusudiwa, kisha usimame. Anayepiga polepole ili asiumize hapati alama, na anayepiga kwa kasi bila kusimama hupata adhabu. Kwa hiyo huruma haielezi kanuni hii vya kutosha. Inachodai ni kipimo sahihi cha umbali, jambo gumu kuliko kupiga kwa nguvu zote.

Inaweza kusemwa kwamba kipimo hiki ni cha kubuni, na kwamba karate ya kweli ni ile ya kugusana kikamilifu. Historia ya mchezo haiungi mkono dai hilo. Gichin Funakoshi, aliyeitoa karate Okinawa na kuieneza Japani bara, hakuyapenda mashindano. Alifariki mwaka 1957, na mwaka huohuo Chama cha Karate cha Japani kiliandaa michuano yake ya kwanza ya kitaifa. Masutatsu Oyama, mwasisi wa Kyokushin, alichagua njia nyingine: wapiganaji wagongane kwa nguvu zote. Hata hivyo, kanuni za Kyokushin zinakataza ngumi za usoni. Oyama aliruhusu nguvu akaiondoa shabaha. WKF iliiacha shabaha ikaizuia nguvu. Hakuna upande uliobeba mapigano ya kweli yakiwa mazima. Kila mashindano huondoa kitu ili washiriki waweze kurudi uwanjani kesho, na swali la maana ni ustadi gani unaozaliwa na kile kilichoondolewa. Kwa kuwa uso umebaki shabaha halali, mwanakarate wa WKF hana budi kulinda kichwa na kupima umbali kila anaposogea.

Ustadi wa namna hiyo hukomaa polepole, na hili linaonekana katika safari ya Rafael Aghayev wa Azerbaijan. Alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 2006, akaendelea hadi kufikisha mataji matano ya dunia, na mwaka 2021, akiwa na umri wa miaka 36, alifika fainali ya Olimpiki ya kilo 75. Huko alishindwa na Luigi Busà wa Italia kwa alama 1 kwa 0. Mtu mmoja hathibitishi kanuni ya jumla, na kipaji chake ni cha nadra. Lakini miaka 15 katika ngazi ya juu kabisa ingekuwa vigumu kufikirika iwapo kila pambano na kila zoezi lingehesabiwa kwa vichwa vilivyopigwa hadi kuzimia. Fainali ile iliyoamuliwa na alama moja inaonyesha pia kwamba katika ngazi hiyo mabingwa hutofautiana kwa kukisia wakati zaidi kuliko kwa uzito wa pigo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba nguvu iliyopita kiasi hupimwa kwa jicho la mwamuzi, naye huathiriwa na hali ya aliyepigwa. Huenda mpinzani amejiingiza mwenyewe kwenye pigo, au anaigiza maumivu. Pingamizi hili lina ukweli, na kanuni zenyewe zinaukiri: anayejianika bila kujilinda huadhibiwa, na anayekuza jeraha pia huadhibiwa. Kinachofuata ni haja ya kupima vizuri zaidi, kwa mfano kwa kuyatazama upya kwenye video matukio yote yanayoweza kumwondoa mchezaji. Ugumu wa kupima kitu si sababu ya kuacha kukipima.

Wengine hudai kwamba kanuni hii ndiyo iliyoinyima karate nafasi yake katika Olimpiki, kwa kuwa watazamaji hawaielewi. Kalenda inapinga dai hilo. Waandaaji wa Paris 2024 walitangaza michezo yao ya nyongeza, karate ikiwa haimo, Februari 2019, zaidi ya miaka miwili kabla ya teke la Hamedi. Aidha, karate iliingia Tokyo kama mchezo wa nyongeza uliopendekezwa na waandaaji wenyeji, si kama mchezo wa kudumu. Ilikuwa rahisi kwa mwenyeji mwingine kuchagua vingine.

Hamedi alikuwa mpiganaji bora kwa sehemu kubwa ya fainali ile, na huzuni yake inaeleweka. Lakini kumpa dhahabu kungekuwa kuwaambia waliobaki kwamba miaka waliyotumia kujifunza kusimamisha mguu ilikuwa ya bure. Kanuni hiyohiyo iliyomnyima dhahabu ndiyo iliyoyapa thamani mapigo yaliyomfikisha kwenye alama 4.