Mcheduara na Mteremko: Wastoiko, Majaaliwa na Swali la Hiari

Diogenes Laertius, aliyekusanya habari za maisha ya wanafalsafa wa Ugiriki katika karne ya 3 BK, anasimulia kisa kifupi kinachomhusu Zeno wa Citium. Mtumwa wa Zeno alishikwa akiiba. Alipokuwa akichapwa alijitetea kwamba alikuwa ameandikiwa kuiba. Bwana wake akamjibu kuwa alikuwa ameandikiwa kuchapwa pia. Yamkini kisa hiki ni mzaha uliotungwa na watu wa baadaye, kwani kiliandikwa zaidi ya miaka 400 baada ya Zeno kufariki. Hata hivyo, mzaha huo unatonesha donda halisi la falsafa aliyoiasisi. Ikiwa kila tendo limefungwa tangu mwanzo katika mnyororo wa visababishi, mtumwa yule anaadhibiwa kwa kosa la nani?

Zeno alianza kufundisha mjini Athens yapata mwaka 300 KK, katika ukumbi wa nguzo uliopambwa kwa picha, na wafuasi wake wakaitwa kwa jina la ukumbi huo, yaani stoa. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili hukutana nao kwa jina la Wastoiko katika sura ya 17 ya Matendo ya Mitume, pale Paulo anapojadiliana nao mjini humo. Mafundisho yao yalisimama juu ya madai mawili. La kwanza ni kwamba hakuna jambo linalotokea bila kisababishi, na kwamba visababishi vyote vimeshikamana, kimoja kikizaa kingine, bila pengo. La pili ni kwamba jema la kweli ni uadilifu tu na baya la kweli ni uovu tu, na kwamba hayo mawili yamo katika uwezo wa mtu, ilhali mali, afya, sifa na hata uhai havimo. Wapinzani hawakuchelewa kuuliza jinsi jambo lilelile linavyoweza kuamuliwa na mnyororo na papo hapo likawa katika uwezo wa mtu.

Kabla ya kulisikiliza jibu, inafaa kuyachungua maneno ambayo Kiswahili huyatumia katika mjadala huu, kwa maana maneno hayo hayakuja mikono mitupu. Hiari imetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya kuchagua. Kadari ina mzizi mmoja na kukadiria, yaani kupima. Majaaliwa yamejengwa juu ya kitenzi jaalia, kufanya jambo liwe. Yote yalifika pwani pamoja na elimu ya Kiislamu, ambayo wanazuoni wake wa Basra na Baghdad walikwisha kubishana kwa karne nyingi juu ya uwezo wa Mungu na matendo ya mja. Kwa hiyo ndani ya maneno haya yumo Mwenye kukadiria, aliye nje ya ulimwengu na mwenye kutoa amri. Mungu wa Wastoiko hayuko nje. Ni akili inayopenya katika maada yote, na majaaliwa ni jina jingine la mpangilio wa akili hiyo. Hata kitenzi ameandikiwa kilichotumiwa katika kisa cha mtumwa kinapotosha kidogo, kwa kuwa kwa Wastoiko hapakuwa na mwandishi aliyekaa kando ya kitabu chake.

Neno ajali nalo halifai kupitwa hivihivi. Katika Kiarabu lina maana ya muda uliowekwa, hasa muda wa kufa, na Kiswahili kimeihifadhi maana hiyo. Lakini msemaji wa leo akisikia methali isemayo kuwa ajali haina kinga huwaza gari lililopinduka, yaani tukio ambalo hakuna aliyelitarajia. Neno moja limebeba lililopangwa na la kubahatisha. Mwanaleksikografia anaweza kuona hapo maana mbili zilizoachana. Mstoiko angeona maana moja, kwa sababu kwake bahati ni kisababishi kama vingine, ila kimefichika kwa akili ya binadamu.

Aliyeubeba mzigo wa kujibu wapinzani ni Chrysippus wa Soli (yapata 279–206 KK), kiongozi wa tatu wa shule hiyo. Inasimuliwa kwamba aliandika vitabu zaidi ya 700, na hakuna hata kimoja kilichotufikia kikiwa kizima. Hoja zake zinajulikana kwa vinywa vya wengine, ambao wengi wao hawakukubaliana naye. Muhimu kati yao ni Cicero, aliyeandika De Fato mwaka 44 KK, baada ya kuuawa kwa Julius Caesar, na kitabu hicho chenyewe kina mapengo. Yupo pia Aulus Gellius, mwandishi wa karne ya 2 BK. Kumsoma Chrysippus, basi, kunafanana na kuisoma kesi ya mtu ambaye utetezi wake umenakiliwa na upande wa mashtaka.

Hoja ya kwanza aliyopaswa kuijibu iliitwa hoja ya mvivu. Mgonjwa huambiwa hivi: kama umekadiriwa kupona, utapona, umwite tabibu au usimwite, kama umekadiriwa kutopona, hutapona, umwite au usimwite, kwa hiyo kumwita tabibu ni kazi bure. Jibu la Chrysippus ni kwamba mambo hayakadiriwi kimojakimoja. Haiwezekani kwamba Laius alikadiriwa kumzaa Oedipus awe amelala na mke au asilale naye. Mpiga mieleka hawezi kukadiriwa kupigana mieleka huko Olympia awe na mpinzani au asiwe naye. Yako matukio yanayokadiriwa pamoja, na kumwita tabibu kumo katika kukadiriwa kwa kupona. Jibu hili ni imara, na linaeleza kwa nini imani ya kwamba mambo yamepangwa haimlazimu mtu kukunja mikono. Waswahili husema kuomba si kulala, na Chrysippus angeikubali methali hiyo, ingawa angetaka kuongeza kwamba kuamka nako kumo katika mpango.

Lakini jibu hilo linathibitisha tu kwamba matendo ya mtu yana athari. Halithibitishi kwamba ni yake. Hapo Chrysippus alileta mfano uliompatia umaarufu. Chukua mcheduara wa jiwe, uusukume kwenye mteremko. Aliyeusukuma ameanzisha mwendo wake. Hata hivyo, sababu ya kubingirika kwake si mkono uliosukuma bali ni umbo lake. Ungesukumwa mchemraba mahali pale pale, kwa nguvu ile ile, usingebingirika. Cicero anataja pia umbo jingine, kwa Kilatini turbo, neno ambalo laweza kuwa jina la umbo la kihesabu au la kichezeo cha watoto. Kwa bahati njema, neno pia katika Kiswahili lina maana hizo hizo mbili. Kisukumo kimoja huupeleka mcheduara mbele na kuifanya pia izunguke, kwa kuwa kila kimoja hujibu kwa umbile lake. Ndivyo ilivyo kwa binadamu. Ulimwengu humletea taswira: mali iliyoachwa bila mlinzi, tusi, hatari. Taswira hiyo ni kisukumo tu. Tendo halifuati mpaka akili iiridhie, na ridhaa hutegemea jinsi akili ya mtu huyo ilivyoumbika.

Mwanaisimu wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kuvutiwa na mfano huu. Ili kutaja ule uwezo wa umbo, Cicero alihitaji nomino volubilitas. Kiswahili hukifanya kitenzi chenyewe kiyaseme hayo. Husemwa kwamba pipa lilisukumwa na mtoto, likabingirika. Kauli ya kutendwa humtaja mtendaji au huacha nafasi yake. Kauli ya kutendeka haina nafasi hiyo: mtu hawezi kusema kuwa pipa lilibingirika na mtoto, isipokuwa akimaanisha kwamba vyote viwili viliporomoka pamoja. Zaidi ya hayo, kauli hii hueleza hali pamoja na uwezekano. Anayesema kwamba jiwe la mraba halibingiriki hazungumzii tukio la leo, anazungumzia umbile la jiwe. Na tofauti hiyo huvuka kutoka vitu hadi watu bila shida yoyote. Huweza kusemwa juu ya hakimu aliyeletewa bahasha kwamba alishawishiwa lakini hakushawishika, na kila msikilizaji hufahamu mara moja sifa ya hakimu huyo. Alitishwa, hakutishika. Katika kiambishi kimoja imo karibu tofauti yote aliyoipigania Chrysippus, kati ya kinachomjia mtu na kinachotoka kwake.

Sarufi, bila shaka, haithibitishi chochote juu ya ulimwengu. Inaonyesha tu kwamba tofauti hiyo si ujanja wa Mgiriki mmoja. Wapinzani waliendelea kuuliza swali lililo dhahiri: mcheduara haukujichonga. Kama umbile la akili ya mtu nalo limetoka katika mnyororo, basi ridhaa yake imeamuliwa kabla hajazaliwa. Cicero alimfananisha Chrysippus na msuluhishi aliyetaka kusimama katikati ya pande mbili, lakini akaona kwamba maneno yenyewe yanamvuta upande wa lazima. Yapata mwaka 200 BK, Alexander wa Aphrodisias, katika risala aliyowatunukia wafalme Septimius Severus na Caracalla, alikuwa mkali zaidi: alidai kwamba Wastoiko wamebakiza jina tu la kile kilicho katika uwezo wa mtu. Kwake, jambo liko katika uwezo wa mtu ikiwa, katika hali ile ile, angeweza kulitenda au kutolitenda.

Mfano mwingine unaorudiwa sana katika vitabu vya utangulizi haukusaidia. Mbwa amefungwa nyuma ya mkokoteni: akitaka kufuata, hufuata kwa kupenda kwake, asipotaka, huburutwa. Chanzo chake ni Hippolytus, mwandishi Mkristo wa karne ya 3 BK, na kuna sababu nzuri ya kushuku kwamba haukuwa wa Chrysippus. Mfano huo huyaweka matakwa ya mbwa nje ya mkokoteni, kana kwamba kutaka na kutotaka ni mambo yaliyosalimika na majaaliwa. Chrysippus hakuacha nafasi ya namna hiyo. Kwake hata kutaka kwa mbwa kumo ndani ya mnyororo.

Susanne Bobzien, katika utafiti alioutoa mwaka 1998, aliligeuza swali lenyewe. Alionyesha kwamba Chrysippus hakuwa akitafuta uhuru wa kutenda vinginevyo. Alitafuta kujua ni tendo gani linalohesabiwa kuwa la mtu. Swali la Alexander lilikuja baadaye. Michael Frede, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 2011 baada ya kifo chake, alidai kwamba dhana ya utashi ulio huru ilichomoza miongoni mwa Wastoiko wenyewe, kwa Epictetus, lakini uhuru huo ni wa kutotumikishwa na tamaa na hofu, si wa kutosababishwa. Tafiti hizi mbili zikisomwa pamoja, ugumu wa kupatanisha Ustoiko na kukosekana kwa hiari hupungua sana, kwani hiari ya aina aliyoitaka Alexander haikuwa sehemu ya Ustoiko tangu awali. Hata mafundisho hayapotezi maana: mwalimu anayemhimiza mwanafunzi naye ni kisababishi, na himizo lake limekadiriwa pamoja na badiliko la mwanafunzi.

Kinachobaki ni gharama, na gharama hiyo inalipwa katika suala la lawama. Mwizi aweza kuambiwa kwa haki kwamba wizi ni wake, kwa sababu wengine waliiona mali ile ile wasiiguse. Hawezi kuambiwa kwa haki kwamba, akiwa alivyo, angeweza kuiona mali kwa namna nyingine. Adhabu inaweza kutetewa kama dawa ya kuurekebisha umbo. Hasira ya mwenye kuadhibu ni shida kuitetea. Jibu la Zeno kwa mtumwa wake lina mantiki kamili, na bado halielezi kwa nini bwana alistahili kufurahia kulitoa.

Epictetus aliyaona haya kutoka upande wa pili wa kiboko. Alizaliwa mtumwa yapata mwaka 50 BK huko Hierapolis, akamtumikia Roma bwana aliyeitwa Epaphroditus, na baada ya kuachwa huru na kisha wanafalsafa kufukuzwa na Domitian, alifungua shule mjini Nicopolis. Hakuandika kitu; maneno yake yalinakiliwa na mwanafunzi wake Arrian. Humo anafundisha kwamba hata Zeus hawezi kuishinda nia ya mtu, na hapohapo anafundisha kwamba mtu hawezi kukiridhia kinachoonekana kwake kuwa uongo. Medea aliyewaua watoto wake, anasema, alidanganyika. Asiyemkasirikia kipofu wala kiwete kwa nini amkasirikie huyu? Anayetaka mwizi auawe anaelekezwa alibadili swali lake, aulize kama inafaa kumuua mtu aliyepofuka katika jambo lililo kubwa kuliko yote.

Kisha anajitolea mfano mwenyewe. Alikuwa na taa ya chuma nyumbani kwake. Usiku mmoja alisikia kishindo dirishani, akashuka mbio, akakuta taa imeibwa. Alijisemea kwamba aliyeichukua alijiwa na hisia isiyokuwa ngeni kwa binadamu, na kwamba kesho atanunua taa ya udongo. Taa hiyo ya udongo, kwa mujibu wa mwandishi Lucian, ilinunuliwa baada ya kifo chake kwa drakma 3,000, na mtu aliyetumaini kwamba akisoma kwa mwanga wake usiku atapata hekima ya Epictetus.