Bosi Asiye na Ofisi

Ukisikia "bosi wa teknolojia" unawaza nini? Kiti cha kuzunguka, kahawa, mikutano na wafadhili? Basi turudi Januari 2008.

Kenya inawaka baada ya uchaguzi, na serikali imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Ory Okolloh, wakili na mwanablogu, anapokea taarifa za watu kwenye blogu yake: hapa nyumba zimechomwa, pale mtu ameuawa. Anasoma moja moja, anahakiki, anachapisha. Zinamzidi. Tarehe 3 anaomba wajuzi wa programu watengeneze ramani. David Kobia, Erik Hersman, Juliana Rotich na wengine wanaitika. Siku chache tu, Ushahidi iko hewani.

Ofisi hakuna, mshahara hakuna. Lakini kazi ya bosi ipo tayari: kuamua lipi ni kweli. Ukichapisha uvumi, unaweza kuchochea kisasi. Ukikalia ukweli, kuna mtu anafutwa kimyakimya.

Cheo cha mkurugenzi mtendaji Okolloh alikipata baadaye. Na tetemeko lilipoipiga Haiti mwaka 2010, programu ya Ushahidi ilitumika huko pia. Kazi ilikuwa ileile: soma, hakiki, chapisha.