Tawasifu za wasanii wa burudani (Nyanda za Juu Kusini)

Tawasifu za wasanii wa burudani ni maandishi ambamo mwanamuziki, mchekeshaji au mtangazaji anasimulia maisha yake mwenyewe. Kwa upande wa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, yaani mikoa kama Mbeya na Iringa, mfano mashuhuri ni kitabu cha Joseph Mbilinyi, maarufu kama Sugu au Mr. II.

Asili

Mwandishi Shaaban Robert, aliyesimulia maisha yake katika Maisha Yangu, aliandika pia wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji nguli wa taarabu aliyefariki mwaka 1950. Miongoni mwa wachekeshaji wa Afrika, kilichovuma zaidi ni kitabu cha Trevor Noah wa Afrika Kusini, Born a Crime (2016).

Kitabu cha Sugu

Kitabu kinafuata safari ya msanii huyo kutoka mtaani hadi bungeni. Sugu alizaliwa mwaka 1972 na ni miongoni mwa waasisi wa muziki wa Bongo Fleva. Albamu yake Ni Mimi ilitoka mwaka 1995, wakati rap ya Kiswahili ikihesabika kuwa uhuni. Mwaka 2010 alichaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini kwa tiketi ya chama cha CHADEMA, akarudi tena mwaka 2015, kisha mwaka 2020 kiti kikaenda kwa Tulia Ackson wa CCM.

Februari 2018 mahakama mjini Mbeya ilimhukumu kifungo cha miezi mitano kwa maneno aliyoyatoa jukwaani dhidi ya Rais John Magufuli. Alitumikia kifungo gereza la Ruanda, akaachiwa Mei 10 mwaka huohuo. Mwaka 2022 aliadhimisha miaka 30 ya muziki wake jijini Dar es Salaam, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa mgeni rasmi.

Wachekeshaji

Emmanuel Mgaya (Masanja Mkandamizaji) wa kundi la vichekesho la Orijino Komedi anajulikana pia kwa mahubiri, muziki wa injili na kilimo cha mpunga Mbarali, mkoani Mbeya. Simulizi za maisha ya wachekeshaji husikika zaidi katika mahojiano ya redio na runinga kuliko vitabuni.

Hali ya sasa

Sugu bado yumo katika siasa. Mei 2024 alimshinda Mchungaji Peter Msigwa, mbunge wa zamani wa Iringa Mjini, katika uchaguzi wa mwenyekiti wa CHADEMA Kanda ya Nyasa.