Kasi Iliyofungwa: Prosesa Zilivyofika Babati

Mwaka 1974 kampuni ya Intel ilitoa prosesa ya 8080, iliyofungua njia ya kompyuta za nyumbani. Mwaka huohuo Serikali ya Tanzania ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Amri hiyo ilikuwa na kisa chake. Kompyuta ya kwanza, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mpango wa kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine ulivurugika vibaya, huku fedha za kigeni zikizidi kuadimika.

Marufuku ilikuja kulegezwa polepole, na milango haikufunguka sawasawa hadi miaka ya 1990. Katika kipindi hichohicho cha kufungiwa ndipo ulipozaliwa mchezo wa kuikimbiza prosesa kupita kasi ya kiwandani, ambao wacheza gemu huuita ovakloki.

Kisa ninachokipenda ni cha IBM PC AT ya mwaka 1984. Ilitoka kiwandani na megahetzi 6. Wenye mashine wakagundua kwamba ukichomoa fuwele inayopiga mapigo ya saa ya mashine na kupachika yenye mapigo ya haraka zaidi, unapata megahetzi 8 kwa gharama ndogo. IBM haikufurahi: matoleo ya baadaye yaliwekewa programu ya kukagua kasi, na mashine iliyochezewa ikagoma kuwaka. Tangu hapo mnunuzi anafungua, kiwanda kinafunga. Mwaka 1998 Celeron 300A ya Intel, prosesa ya bei nafuu, ilipandishwa kutoka megahetzi 300 hadi 450 kwa kubadili kasi ya basi, yaani njia inayounganisha prosesa na sehemu nyingine za mashine, kutoka megahetzi 66 hadi 100. Kwa AMD, miaka michache baadaye, kufuli lilifunguliwa kwa risasi ya penseli iliyounganisha vidoti juu ya prosesa. Leo Intel huuza ruhusa hiyo waziwazi: prosesa zenye herufi K mwishoni.

Herufi hiyo ni adimu Babati. Kompyuta za mezani zinazofika mjini hapa nyingi ni mitumba ya maofisi ya nje, Dell OptiPlex na HP, ambazo waliozinunua mwanzo walitaka zitulie, si zikimbie. Ingia kwenye mipangilio yake ya kuwashia, hutakuta pa kupandisha kasi. Kwa hiyo anayeanza asome kwanza jina la prosesa yake, kabla hajanunua feni kubwa ya mapambo.

Mwenye K apande ngazi moja moja, megahetzi 100 kwa mara, na kila ngazi aitwishe mashine kazi nzito huku akitazama joto. Kasi ikizidi, prosesa huweza kudai volti zaidi, na volti ndiyo ya kuogopa. Umeme unaoliwa hupanda kwa kipeo cha pili cha volti: ukiongeza kasi kwa asilimia 20 na volti kutoka 1.2 hadi 1.35, joto la kuondoa huongezeka kwa takriban nusu nzima. Na kama umeme wa mtaani unacheza, stabilaiza itangulie hayo yote.

Asiye na K hajanyimwa kila kitu. Tangu mwaka 2008 prosesa nyingi za Intel hujipandisha kasi zenyewe zikiwa baridi, na hujishusha zikichemka; hapa kinachozichemsha mara nyingi ni vumbi. Babati ilikaa miaka mingi kwenye njia kuu ya kaskazini, ile ya Cape hadi Cairo, ikila vumbi. Lami ya kutoka Dodoma ilizinduliwa mwaka 2018 tu. Fungua kompyuta ya mtumba iliyokaa dukani kando ya barabara na mara nyingi utakuta mapezi ya kipozeo yamezibwa, na pesti ya kupitisha joto iliyo chini yake imekauka kama chokaa. Brashi, kipulizio na pesti mpya huirudishia kasi iliyokuwa ikijinyima, wala hakuna kiwanda kilichowahi kulifungia hilo kufuli.