Kulukulu wa Ross na Lantana

Kulukulu wa Ross (Musophaga rossae) ni ndege wa msituni. Lantana (Lantana camara) ni kichaka cha maua. Wote wawili wanapatikana magharibi ya Kenya, na wote hutambulika kwa rangi nyekundu, ingawa rangi hiyo haina kazi moja.

Kulukulu ana urefu wa takriban sentimita 50, mwili wa zambarau iliyokolea hadi kukaribia weusi, mdomo wa manjano na kishungi chekundu. Akitua, wekundu wa mabawa hujificha. Akiruka ndipo unapochomoza. Rangi yenyewe, turasini, ina shaba ndani yake, kama alivyoeleza mkemia Mwingereza Arthur Church mwaka 1869. Ndege wengi wanaong'aa hutegemea namna mwanga unavyogonga manyoya yao, lakini wekundu wa kulukulu ni rangi hasa: ukiloweka unyoya katika maji ya magadi, rangi hutoka na maji yakawa mekundu.

Lantana asili yake ni Amerika ya kitropiki, ikaenezwa duniani kama pambo la bustani. Ukitazama kishada chake kwa karibu, maua ya katikati mara nyingi ni ya manjano, ya pembeni yamekwisha kuwa ya chungwa au mekundu. Ua changa la manjano ndilo lenye nekta nyingi. Likishachavushwa hugeuka rangi, na vipepeo huliruka wakaenda kwa mengine.

Makazi ndiyo yanayowatenganisha zaidi. Kwa mfano, Nyaramba, kaunti ya Nyamira, iko katika nchi ya chai, migomba na mikaratusi. Kulukulu anahitaji miti mirefu yenye matunda, hasa jamii ya mikuyu; mkaratusi haumpi chakula. Kila mti wa asili unaokatwa kando ya mto humpunguzia riziki. Lantana nayo hustawi palipofyekwa: kandokando ya barabara, mipakani mwa mashamba, malishoni.

Wakulima wengine huipanda kama ua wa boma, jambo la kufikiriwa mara mbili penye ng'ombe, kwani majani yake huharibu ini la mifugo na kuifanya ngozi iungue juani. Ndege kama shore hula matunda meusi ya lantana na kuzitawanya mbegu. Kuifyeka juujuu hakutoshi. Kisiki huchipua tena, hivyo hung'olewa na mizizi.